Kangaja Afaaye Kufugwa Chini ya Mlima Meru

Mtu akaaye Sokon I, katika Jiji la Arusha, akitamani kumwona kangaja hai akila mwani juu ya jiwe lake, hana budi kushika njia ya Moshi, Same, Mombo na Segera mpaka Tanga, safari ya kilomita zaidi ya 430, au sivyo aichukue sehemu ndogo ya bahari akaiweke sebuleni mwake. Shauku ya njia hii ya pili humwingia mtu taratibu: huanza na tangi la maji baridi, kisha hujaribu la maji ya chumvi kwa wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na hao wakiisha kumzoea na kumstawia, huja siku akauliza suala ambalo kila mfugaji wa samaki wa baharini hulifikia: je, nimchukue kangaja gani?

Aghalabu muulizaji huwa amekwisha kujibu kwa macho kabla ya kuuliza kwa ulimi. Amemwona kangaja wa buluu katika filamu ya watoto, au amemwona yule wa manjano katika picha, moyo umempenda, na hoja iliyobaki kwake ni bei tu. Mimi naona kwamba mwanzo huo ndio asili ya vifo vingi vitokeavyo matangini mwetu. Kangaja hachaguliwi kwa rangi yake ya leo, bali kwa urefu atakaoufikia, kwa mwendo alioumbiwa, na kwa maji ambayo nyumba ile, mahali pale, yaweza kumpa kila siku ya maisha yake. Na kwa sisi tulio chini ya Meru hilo la maji lina mambo yake mahususi, ambayo waandishi wa vitabu vya ufugaji vya Ulaya na Marekani hawakuwa na haja ya kuyafikiri.

Kwanza tumjue mwenyewe. Kangaja ndilo jina ambalo wavuvi wa pwani yetu wamewapa samaki wa jamii iitwayo na wataalamu Acanthuridae, yenye spishi zaidi ya 80 katika bahari za joto, na ambao wafugaji wa nchi za Magharibi huwaita tang. Jina la kitaalamu limetungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, mwiba na mkia, na maana yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kumtoa kangaja katika dema kwa mkono mtupu: katika pande zote mbili za shina la mkia wake umo mwiba mkali mfano wa wembe, uliolala ndani ya ufa kama kisu cha kukunja ndani ya mpini wake, na samaki akiupinda mkia kwa ghadhabu mwiba huo huchomoza ukakata. Jamaa zake wakubwa, tunaowaita puju, ambao baadhi yao wana pembe katika kipaji cha uso, hawaukunji mwiba wao. Makali yao yamesimama daima juu ya bamba la mfupa. Msomaji wa bara aliyezoea kwamba kangaja ni lile tunda dogo la jamii ya chenza asitatizike, kwa kuwa pwani jina moja huwatosha wote wawili.

Watu wa Arusha, waliokua wakimwona ng'ombe malishoni, watamwelewa kangaja upesi kuliko wakazi wa miji mingine. Yeye naye ni mla majani, na maisha yake yote ni malisho: tangu kupambazuka hadi magharibi huenda jiwe hata jiwe akikwangua mwani mfupi, kinywa hakitulii, na kwa kuwa chakula hicho ni hafifu, kila siku hula kingi na hukisaga ndani ya utumbo mrefu wenye viumbe wadogo wa kumsaidia, kama vile tumbo la ng'ombe lilivyojaa vijidudu vya kuchachusha majani. Mwaka 1985 watafiti wa Bahari ya Sham walieleza habari za kiumbe kimoja walichokikuta matumboni mwa kangaja wa kahawia, spishi tuliyo nayo pia katika miamba yetu, nacho kilikuwa kikubwa kiasi cha kuonekana bila ya darubini, chenye urefu unaoweza kupita nusu milimita. Wakadhani ni kiumbe wa daraja nyingine, mpaka mwaka 1993 ilipothibitika kwamba ni bakteria, mkubwa kuliko wote waliojulikana wakati ule. Naitaja habari hii kwa kuwa inampa mfugaji fundisho la kazi: anayenunua kangaja ananunua pamoja naye malisho yaliyo hai ndani ya tumbo lake, na kangaja aliyeshinda na njaa tangu alipovuliwa, akapita mikono ya wachuuzi watatu, aghalabu hafufuki hata akiwekewa chakula tele.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa naomba subira ya msomaji, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Arusha imekaa juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,400. Hewa huku ni nyepesi, kanieneo yake ikiwa kama asilimia 85 ya ile ya pwani, na kadiri hewa inavyopungua uzito ndivyo maji yanavyoshika oksijeni kidogo. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 za Selisiasi, huko Tanga, huweza kushika miligramu zipatazo 6.7 za oksijeni katika kila lita. Maji hayo hayo yakipandishwa Sokon I hayashiki zaidi ya 5.7 au karibu yake, hata yakitibuliwa mchana kutwa. Tena maji ya chumvi kwa tabia yake hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na maji ya uvuguvugu kidogo kuliko ya ubaridi, hivi kwamba mtu anayepima kwa macho yake samaki wa mto Themi, wanaoishi katika maji ya mlima yaliyo baridi na matamu, hapati kipimo cha kumfaa kangaja. Huyu ameumbiwa mahali ambapo wimbi huvunjika juu ya mwamba na povu huchanganyika na maji usiku na mchana. Hewa kwake ni haja ya kwanza kabla ya chakula.

Muradi wangu si kusema kwamba haiwezekani. Inawezekana, kwa sharti kwamba tangi lipewe mkondo wenye nguvu unaouvunja uso wa maji daima, na chombo kile kinachotoa uchafu kwa njia ya povu, ambacho huku juu kina faida mbili, ya kusafisha na ya kuingiza hewa. Na kwa sharti kwamba samaki wawe wachache kuliko hesabu ya vitabu. Tangi ambalo pwani lingebeba samaki kumi, hapa nalihesabia saba. Fauka ya hayo kuna suala la umeme. Nilimjua mfugaji mmoja, mtu makini, aliyepoteza kangaja wake wawili katika usiku mmoja umeme ulipokatika saa nne na kurudi alfajiri. Wale wadogo wa rangi ya chungwa walinusurika, kangaja wakafa, na maji yalikuwa masafi kabisa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ya kujiwasha yenyewe umeme unapokatika, ni bei ndogo sana ikilinganishwa na bei ya kangaja mmoja, na mimi simshauri mtu amnunue samaki kabla hajainunua hiyo.

La pili ni madini ya maji yetu. Kila mwenyeji anajua meno ya kahawia ya watu waliokulia pande za Meru, na anajua kwamba chanzo chake ni floraidi itokayo katika majivu na mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kuwa ndio upeo wa maji ya kunywa, na chemchemi na visima kadha wa kadha vya mteremko huu vinakipita kiwango hicho mara nyingi, hata huko Ngurdoto pakawekwa kituo cha utafiti wa kuipunguza. Mtu ataniambia kwamba maji ya bahari nayo yana floraidi, na ni kweli, yanayo kama miligramu 1.3. Lakini azingatie jinsi tangi linavyofanya kazi: kila siku maji hupaa kuwa mvuke, chumvi na madini hubaki, na mfugaji hujazia yaliyopungua, akijazia kwa maji ya bomba au ya kisima, huongeza leo kidogo, kesho kidogo, na baada ya mwaka ndani ya kioo kile mna mkusanyiko wa madini ambao haumo katika bahari yoyote. Kwa hiyo maji ya kuchanganyia chumvi na ya kujazia hayana budi yapitishwe katika mashine ya kuchuja kwa utando, ile ile ambayo wauzaji wa maji ya kunywa mjini hutumia. Mashine hiyo hutupa lita tatu au nne kwa kila lita moja njema; maji yatupwayo yafaa kwa kufagilia uwanja na kwa choo, ila kwa kuwa karibu floraidi yote imehamia humo yasinywewe wala yasipikiwe.

La tatu ni chumvi yenyewe, na hapa nimesikia rai mbili ambazo sharti zikanushwe. Moja ni kwamba chumvi ya jikoni yatosha. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloraidi tu, tena nyingine imeongezwa madini joto, ambapo maji ya bahari yana pia magnesi, kalsiamu, potasi na salfati kwa mizani maalumu, na jumla yake ni gramu 35 katika kila kilo ya maji. Pasipo mizani hiyo samaki wa baharini hadumu. Rai nyingine ni kwamba kwa kuwa tunayo maziwa ya chumvi jirani, ya Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha na Natron kule kaskazini, maji yake yangeletwa kwa gari. Maji yale ni ya magadi, makali kama maji ya majivu, na Natron hupita hata daraja ya 10 katika kipimo cha ukali ambacho bahari hukaa kwenye 8.2 hivi, kangaja akitiwa humo hatafikisha saa. Chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ni ghali na huagizwa kutoka nje, na tangi la lita 300 hula kilo 11 hivi kwa kujazwa mara ya kwanza, kisha kilo moja na zaidi kila linapobadilishwa sehemu moja ya kumi ya maji. Mwenye kuona hesabu hiyo ni nzito asianze na kangaja.

Baridi ya usiku wa mwezi wa Juni na Julai, inayoshuka mpaka nyuzi 12 au 13, ni adui ambaye mfugaji wa Dar es Salaam hamjui. Hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwani moja ikifa nyingine hushikilia.

Baada ya kuijua nyumba, ndipo tuwaite kangaja mmoja mmoja mbele yetu.

Kipimo cha kwanza ni urefu, nacho kinapuuzwa kwa sababu kangaja wanaouzwa ni watoto. Kiumbe wa sentimita sita katika mfuko wa nailoni hamshtui mtu. Lakini uchunguzi wa mifupa ya masikio, ambayo huongeza pete kama mti unavyoongeza, umeonyesha kwamba katika jamii hii wamo waishio zaidi ya miaka 30 baharini, na anayemchukua kangaja kwa haki anajifunga naye kwa muda mrefu kuliko wa kumsomesha mtoto tangu chekechea hadi chuo kikuu. Basi puju wote nawatoa mapema. Puju mwenye pembe hufika sentimita 70, na yule mzuri mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na nyuzi mbili ndefu mkiani hufika 45; hakuna sebule ya Sokon I niijuayo yenye kioo cha mita tatu, na puju katika kioo cha mita moja unusu ni mfungwa anayegeuka kabla hajaanza kwenda.

Kangaja mwenye mistari ya buluu na manjano, aitwaye na wataalamu Acanthurus lineatus, anapatikana katika miamba yetu yote palipo na mawimbi, na mvuvi wa miguu humwona bamvua likitoka. Uzuri wake hauna ubishi. Lakini ni sultani wa jiwe lake: baharini hulinda malisho yake dhidi ya kila apitaye, hufika sentimita 38, na katika tangi huwaua wenziwe. Yule mdogo mwenye mistari myeusi kama nguo ya mfungwa, ambaye watoto wa pwani huwakuta wana wake katika vidimbwi vya maji kupwa, ni mpole na wa makundi, ila malisho yake hayakatiki. Hudhoofu matangini kwa njaa ambayo mfugaji haioni.

Nakaa zaidi kwa kangaja wa buluu mwenye kidari cheupe, Acanthurus leucosternon, kwa kuwa yeye ni wa bahari yetu hasa, Bahari ya Hindi, hupatikana tangu pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Indonesia, na kwa kuwa ndiye ninayeulizwa kuliko wote. Mwili wake ni wa buluu ya anga iliyooshwa na mvua, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Kenya huuza samaki huyu nje ya nchi pamoja na wengine wa mapambo. Mtu akimwona anauzwa kwa bei nafuu, kwa kuwa ametoka karibu, hudhani ukaribu huo ni dalili ya urahisi wa kumfuga. Sivyo. Huyu ni samaki wa wimbi na wa uwazi, anayetaka kioo cha sentimita 180 kwa uchache na hewa nyingi kuliko kangaja wengine, na ndiye aliye mwepesi kuliko wote kushikwa na ule ugonjwa wa madoa meupe kama chembe za chumvi. Ugonjwa huo huletwa na kimelea ambacho hukaa juu ya samaki siku tatu hadi saba kikinyonya, kikaanguka chini, kikajifungia katika ganda, kisha kikapasuka na kutoa mamia ya wana watafutao samaki mpya. Katika bahari pana wana hao hupotea, ndani ya kioo humkuta yeye yule kila siku. Dawa yake ya shaba huwaua konokono na kamba na hunyonywa na mawe, kwa hiyo matibabu hufanywa katika tangi la pembeni, na tangi kuu huachwa tupu bila samaki kwa wiki kumi na zaidi. Wafugaji wengi wameshika siku 76. Nani katika sisi ana subira hiyo, na tangi la pili, na inveta ya kuyaendesha yote mawili? Aliye navyo na amchukue. Wengine wote nawanasihi wamwache baharini.

Kangaja wa buluu iliyoiva mwenye mkia wa manjano, Paracanthurus hepatus, ndiye yule wa filamu za mwaka 2003 na 2016. Wale wa upande wetu wa Bahari ya Hindi wana tumbo la manjano, alama inayowatofautisha na wa Pasifiki. Hufika sentimita 31, ni mwoga, hujibana katika nyufa hata akajichubua, naye pia ni mteja wa madoa meupe. Kama yule wa kidari cheupe, anahitaji kioo cha sentimita 180. Tofauti ni kwamba ana tabia njema kwa wenziwe.

Sasa tunafikia wale wanaowezekana. Wa kwanza ni kangaja wenye mapezi mapana na mdomo uliochongoka, jamii ya Zebrasoma. Mkubwa wao katika maji yetu, yule anayefunua mapezi kama tanga la jahazi na mwenye michoro ya manjano na buluu mwilini, hufika sentimita 40, na uzuri wake wa utotoni usimdanganye mtu mwenye kioo kifupi. Lakini ndugu yake wa kahawia, Zebrasoma scopas, huishia kwenye sentimita 20 hivi, ana afya imara, na hupenyeza mdomo wake mrefu katika nyufa akang'oa nyuzi za mwani ambazo mkono wa mtu haufikii. Wauzaji humdharau kwa rangi. Mimi nimemtazama muda mrefu chini ya taa njema, na kahawia yake, kwa karibu, ni nukta na mistari ya kijani iliyosokotwa kwa ustadi. Ni samaki anayetaka mtazamaji mwenye utulivu.

Wa manjano tupu, Zebrasoma flavescens, si wa kwetu. Kwao ni Hawaii na Pasifiki. Kwa miaka mingi alikuwa ndiye kangaja wa bei rahisi duniani, mpaka Mahakama ya Juu ya Hawaii ilipoamua mwaka 2017 kwamba vibali vya kukusanya samaki wa mapambo havikupaswa kutolewa bila ya kuchunguzwa athari zake kwa mazingira, na bei yake ikapanda. Faraja ni kwamba miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2015, watafiti wa huko huko Hawaii walikuwa wamefaulu kumzalisha na kumkuza katika matangi, kazi iliyowashinda watu kwa miongo, kwa kuwa wana wa kangaja huelea baharini wiki nyingi wakiwa wembamba na wangavu kama kioo kabla ya kushuka kwenye mwamba. Na mwaka 2016 wenzao wa Florida wakamzalisha yule wa buluu. Kangaja aliyezaliwa kizimbani amezoea chakula cha mkono wa mtu tangu utoto, na hakuna jiwe la bahari lililopungukiwa kwa ajili yake. Mwenye uwezo wa kumwagiza kwa ndege mpaka Uwanja wa Kilimanjaro asisite.

Ila nikiulizwa kwa kukatwa shauri, ni kangaja gani afaaye nyumba ya kawaida ya Sokon I, yenye nafasi ya kioo cha sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, ambacho pamoja na mawe hukaribia kilo 400 na hivyo hutaka sakafu ya saruji iliyo chini, jibu langu ni kangaja wa meno laini, Ctenochaetus truncatus. Ni wa Bahari ya Hindi, tangu pwani yetu kwenda mashariki. Hazidi sentimita 16. Utotoni ni wa manjano mabichi, hata mtu akamdhania wa Hawaii. Ukubwani hugeuka kahawia yenye nukta ndogo za buluu hafifu, na ukingo wa manjano hubaki kuzunguka jicho. Meno yake si ya kung'ata bali ni mengi, membamba, yanayochezacheza kama brashi, na kazi yake ni kufagia vumbi la mwani na uchafu laini juu ya mawe na vioo, akiacha alama za midomo kama busu kila mahali. Kwa kuwa malisho yake ni ya namna hiyo, tangi jipya halimfai. Liachwe lipevuke miezi sita, mawe yapate utando wa kijani na kahawia ambao mfugaji mgeni hukimbilia kuufuta, ndipo aletwe, tena awe wa mwisho kuingia, awe mmoja, kwani kangaja wawili wa umbo moja katika kioo kimoja hukatana kwa miba ile tuliyoitaja.

Chakula chake cha nyongeza, na cha kangaja wote, tunacho sisi kuliko Wazungu wanaonunua karatasi za mwani za Kijapani. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani, upande wa mashariki ya Unguja, wamekuwa wakilima mwani kwa ajili ya kuuza nje, na walimaji hao hulalamika siku zote juu ya tasi na samaki wengine walao majani wanaoyavamia mashamba yao, ushahidi ambao hauhitaji maabara. Mwani mkavu, usiotiwa dawa wala rangi, ukilowekwa na kuoshwa, ukafungwa jiweni, huliwa. Mchicha na saladi ni vya kumzuga tu. Majani ya nchi kavu hayana madini ya bahari, na kangaja aliyelishwa hayo peke yake hukonda mgongo.

Kuna jambo la dhamiri ambalo siwezi kulipita. Kangaja ndiye mfagiaji wa matumbawe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipoyaua matumbawe mengi ya pwani hii, mahali palipobakia samaki walao mwani ndipo palipokuwa na tumaini la mawe kusafishika na wana wa matumbawe kupata pa kushika. Mahali walipokwisha, mwani hukaa. Kumtoa kangaja mmoja kwa wavu wa mkono, kwa kibali, katika mwamba ulio na wengi, si dhuluma. Kumnunua kwa mtu asiyejua alikotoka, au aliyemtoa ndani ya maji yaliyohifadhiwa kama ya Chumbe, ni kushiriki katika uharibifu kwa fedha zetu wenyewe. Matumbawe hai nayo yasiguswe kabisa: matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na mawe makavu yanatosha.

Akiisha kuchaguliwa, safari yake nayo ni mtihani. Mifuko iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine, na katikati yake karatasi ya gazeti, kwa sababu mwiba wa mkia hutoboa nailoni. Maji yawe theluthi moja na hewa theluthi mbili. Samaki asilishwe siku ya kuamkia safari, asichafue maji yake. Na sanduku liwe la kukinga joto, kwani basi linapotoka Korogwe kwenye jua na kuingia Arusha usiku, tofauti yaweza kuwa nyuzi 15. Akifika asiteremshwe kwa wavu, utamnasa mwiba, bali kwa bakuli, na kwanza katika tangi la karantini, wiki nne zisizo na haraka.

Kabla ya yote hayo, mnunuzi asimame mbele ya kioo cha muuzaji na asiseme neno kwa robo saa. Atazame tumbo, kama limebonyea nyuma ya mapezi ya kifua. Atazame pumzi, kama mashavu yanapiga kwa haraka. Atazame ngozi kwa upande, mahali mwanga unapoteleza na madoa huonekana. Kisha amwombe muuzaji kwa adabu atie kipande cha mwani. Kangaja mzima atakwenda nacho papo hapo, atarudi, atakwenda tena. Akikipita kama asiyekiona, mnunuzi amshukuru muuzaji, akunje mfuko wake, arudi juma lijalo.